Kwa nini ute wa ndani ya dumu unarudi hata ukiosha kwa klorini?

#1 DumuLaNjano
Wakuu habarini. Naomba msaada wa wenye elimu ya vijidudu. Huku kwetu maji ya bomba ni ya mgawo, kwa hiyo tunahifadhi kwenye madumu ya lita 20. Baada ya muda ndani kunajengeka ute, ukipitisha kidole mdomoni mwa dumu unateleza kama mlenda. Natia klorini, nasuuza, harufu ya dawa nzima nzima, na bado ute unarudi palepale. Tena dumu la zamani linarudisha haraka kuliko jipya.

Nimesoma kwamba bakteria wanatoa sukari nje ya miili yao, wanajifunika nayo, na kwamba wanapashana habari kabla ya kujenga. Dai langu: tatizo si uchafu wa maji, tatizo ni hiyo sukari. Na kama kweli wanawasiliana, kwa nini hatuwakatii mawasiliano tukamaliza kazi?

#2 Fundi_Mabomba
Dumu lako limechubuka ndani, basi. Watu wanatia mchanga na kokoto, wanatikisa, plastiki inapata mikwaruzo, uchafu unajificha humo. Mambo ya sukari mengine tuwaachie wenye maabara. Nunua dumu jipya.

#3 NgojaWataalamu
Naweka kambi hapa.

#4 Maabara_Kwanza
Fundi hajakosea kuhusu mikwaruzo, ila haitoshi. Hata kioo laini kisicho na mkwaruzo kinaota utando, yaani huo ute pamoja na bakteria waliojifunika nao.

Inavyokwenda ni hivi. Bakteria anayeogelea anagusa ukuta wa dumu. Mwanzoni anashikilia kidogo tu, kwa mkia wake au kwa vinyweleo vya protini, na anaweza kuachia akaondoka. Akikaa, ndani ya seli kunapanda kiwango cha molekuli moja ndogo inayoitwa c-di-GMP. Ikipanda, mkia unazimwa na mitambo ya kutengeneza polisakaridi inawashwa. Polisakaridi ni minyororo mirefu ya sukari. Inatoka nje, inawafunga pamoja, inavuta maji, na ndiyo maana kidole kinateleza.

Sasa klorini. Klorini inapenda kuungana na chochote cha asili ya uhai inachokutana nacho kwanza. Ikifika kwenye ute inaishia juu. Mwaka 1994 watafiti waliingiza vipimo vyembamba kabisa ndani ya tando za namna hiyo na kukuta klorini ya chini ni kidogo sana kuliko iliyoko kwenye maji ya juu. Kwa hiyo unanusa dawa, maji yamekuwa safi, na walioko chini wako hai. Ukishajaza maji tena wanaendelea walipoishia. Dumu jipya linaanza sifuri, la zamani linaanzia kwenye msingi.

#5 DumuLaNjano
Asante mkuu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwamba ni sukari?

#6 Maabara_Kwanza
Nusu. Endelea kusoma uzi, naona watu wanakuja.

#7 BintiKilifi
Salaam kutoka Kilifi. Sisi tuna visima vya maji ya chumvi chumvi na pia tunakinga ya mvua. Nilichokiona miaka yote: mtungi wa maji ya kisima hufanya utando mgumu, unaong'ang'ania, ukiukwangua unatoka vipande. Wa maji ya mvua hufanya ute mwepesi unaoondoka kwa kusuuza. Chombo ni kilekile, mikono ya kuosha ni ileile. Kama ni sukari tu au mikwaruzo tu, mbona maji yanaleta tofauti?

#8 Nesi_Zamu
Hapo kwenye hospitali tunakutana nao kila siku. Mgonjwa anawekewa mpira wa mkojo, baada ya siku kadhaa anapata homa, tunampa dawa, homa inashuka, dawa ikiisha homa inarudi. Ukiutoa mpira ukaukata, ndani umepaka ute. Dawa haiui walioko kwenye ute ule hata kama kipimo cha maabara kimesema dawa inafanya kazi, maana maabara imewapima wakiwa wanaogelea mmoja mmoja. Dawa ya kweli ni kuutoa mpira, na ukibaki wa lazima unabadilishwa. Nimeshabishana na ndugu wa wagonjwa wengi juu ya hili, wanadhani tunawasumbua.

#9 Mchambuzi_Mtaa
Naunga mkono hoja ya kukata mawasiliano. Bakteria kila mmoja anatoa kemikali kidogo. Wakiwa wachache inapotea kwenye maji. Wakiwa wengi inajaa, wote wanatambua akidi imetimia, ndipo wanajenga kwa pamoja. Kitu hiki kilionekana mwaka 1970 na Nealson na Hastings kwa bakteria wa baharini wanaotoa mwanga: hawawaki wakiwa wachache, wakijaa wanawaka. Kwa hiyo ukiziba ile kemikali, hakuna akidi, hakuna utando. Na kitunguu saumu kina kitu cha kuziba, imethibitishwa. Tieni punje mbili kwenye dumu.

#10 NgojaWataalamu
Maji ya kunywa yanuke kitunguu saumu? Mkuu hapo umetufukuza.

#11 Mtafiti_Ughaibuni
Nimechelewa kwa sababu ya tofauti ya saa. Nimefanya shahada ya uzamivu juu ya vijidudu hivi, kwa hiyo niruhusuni niwe mrefu kidogo.

@Mchambuzi_Mtaa, ulichosema juu ya mwaka 1970 ni kweli. Kwa kitunguu saumu, ni kweli kuna kemikali inayovuruga mawasiliano ya bakteria aitwaye Pseudomonas kwenye maabara. Kutoka hapo hadi punje mbili kwenye dumu la lita 20 ni safari ambayo hakuna aliyeimaliza.

Tatizo kubwa liko kwenye neno "wote". Kwa Pseudomonas aeruginosa, mwaka 1998 Davies na wenzake walionyesha kwamba asiyeweza kutengeneza ishara moja anajenga utando bapa, mwembamba, unaosambaratika kwa sabuni. Hapo akidi inasaidia kujenga. Lakini bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, anafanya kinyume kabisa. Akiwa mchache ndipo anajenga. Wakijaa, protini inayoitwa HapR inawashwa, nayo inazima jeni za sukari na jeni za sumu pamoja. Utando unavunjika, wanatoka.

Fikirini maisha yake. Yuko tumboni mwa binadamu, amezaliana hadi utumbo umejaa, kinachofuata ni kutoka na kuharisha na kwenda kutafuta maji mengine. Kubaki amenata ni hasara kwake. Ukimzibia ishara za akidi, unamwambia bado mko wachache, endeleeni kujenga. Unamsaidia.

Staphylococcus aureus naye, yule wa majipu na wa mipira ya hospitali, mfumo wake wa akidi unaoitwa agr unamsaidia kuachia. Ukiuvunja mfumo huo, mara nyingi utando unakuwa mnene zaidi.

#12 Mchambuzi_Mtaa
Lakini kwa Pseudomonas hoja yangu inasimama.

#13 Mtafiti_Ughaibuni
Kwa Pseudomonas inasimama, na hata hapo inategemea chakula alicho nacho. Maabara zingine zilirudia kwa chakula tofauti zikaona utando mzuri tu bila ishara hiyo.

#14 Mwana_Uvira
Habari zenu ndugu wa ng'ambo ya ziwa. Huku Uvira, Kongo, tunaongea juu ya kipindupindu kwa sababu tunaishi nacho, hakiendi. Kinapungua, kinarudi. Watu wa Goma wanakumbuka 1994, namna watu walikufa kwenye kambi kando ya Kivu. Sisi maji tunachota ziwani na bidoni za njano, kama zenu. Watu wa klorini wanasimama kwenye mwalo, wanatia dawa ndani ya bidoni kwa sindano, unaenda nyumbani. Swali langu kwa ndugu mtafiti: kama bidoni iko na ute tayari, ile dawa wanatutilia inafanya kazi ao ni bure?

#15 Mtafiti_Ughaibuni
Si bure ndugu yangu, endeleeni. Dawa inaua wanaoogelea, na hao ndio wengi kwenye maji unayochota. Ila kuna jambo la kujua.

Vibrio cholerae ana sura mbili akioteshwa maabara: laini na ya mikunjo. Yule wa mikunjo anamwaga polisakaridi kwa wingi, wanamwita VPS, na mwaka 1999 Yildiz na Schoolnik walizionyesha jeni zake. Majaribio ya miaka ya 1990 yalitumia klorini miligramu 2 kwa lita: wengi walikufa haraka, lakini wale wa mikunjo waliojikusanya kwenye mafungu walikuwa na manusura hata baada ya nusu saa. Wa nje waliwaokoa wenzao wa ndani kwa miili yao na kwa sukari.

Na utando una faida nyingine mbaya kwetu. Tumboni kuna asidi. Vibrio mmoja mmoja anakufa humo kwa wingi, ndiyo maana kwa mtu mwenye asidi ya kutosha inahitajika idadi kubwa sana ili augue. Akifika amefungwa kwenye fungu, asidi haimpati vizuri. Kwa hiyo kipande kidogo cha utando kilichobanduka kinaweza kuwa na hatari kuliko maji yenye bakteria wengi waliotawanyika.

Sukari yenyewe haifanyi kazi peke yake. VPS inahitaji protini tatu, RbmA, RbmC na Bap1. Moja inawashika seli kwa seli, nyingine zinawashika na ukuta na kuwazungushia ganda. Ukizitoa protini, sukari ipo lakini inasuuzika.

#16 Mwana_Uvira
Aksanti sana. Nitawaambia wa nyumbani waoshe bidoni kabla ya kwenda mwalo.

#17 BintiKilifi
Swali langu la kisima limerukwa.

#18 Mtafiti_Ughaibuni
Samahani dada, halikurukwa, nililihifadhi kwa sababu ndilo zuri kuliko yote hapa.

Juu ya ngozi ya bakteria hawa kuna sukari nyingine, fupi kuliko VPS, inaitwa antijeni O. Ndiyo inayotupa majina ya aina za bakteria wa kipindupindu, O1 na O139. Hii O139 ilizuka 1992 upande wa India na Bangladesh, ikiwa pia na kapsuli, yaani koti la sukari, juu yake. Mwaka 2003 Kierek na Watnick walionyesha kwamba katika maji ya bahari O139 anaweza kujenga utando bila VPS kabisa. Kalsiamu iliyomo baharini, takriban miligramu 400 kwa lita, inashikana na sukari zile za juu ya ngozi, moja upande huu na moja upande ule, na kuziunganisha. Ukiuhamishia utando huo kwenye maji yenye kalsiamu kidogo, unalegea na bakteria wanaachiliwa. Ndiyo picha ya mvua kubwa inayomwagika kwenye mlango wa mto.

Visima vya pwani yenu vinapita kwenye mawe ya matumbawe, ambayo karibu yote ni kalsiamu kaboneti. Maji ya mvua hayana. Sijapima mtungi wako, ila maelezo haya yanafanana na unachokiona.

#19 Fundi_Mabomba
Au ni magamba ya chokaa yale yale yanayoziba bomba za pwani, hakuna bakteria wala nini. Mimi nabadilisha bomba Mombasa na Tanga, ule weupe ni jiwe. Mwaga ndimu uone unavyochemka.

#20 BintiKilifi
Kaka, chokaa naijua. Huu wangu si mweupe na unateleza kwanza kabla ya kuwa mgumu.

#21 Maabara_Kwanza
Vyote viwili huja pamoja mara nyingi. Utando unakamata chokaa na chokaa inaupa utando mahali pa kushika. Bila darubini hamtamalizana.

#22 Mzee_wa_Siki
Nawasoma vijana. Mimi nagema, na siki ya mnazi ndiyo kazi ya nyumba yetu tangu kwa babu. Tembo likiachwa likakolea, juu kunafunga ngozi nzito, nyeupe, unaweza kuinyanyua kwa mkono mzima. Hiyo hatutupi, tunaihamishia kwenye chombo kingine ili siki iwahi. Je, nayo ni hayo mambo ya utando?

#23 DumuLaNjano
Shikamoo mzee. Karibu sana.

#24 Mtafiti_Ughaibuni
Shikamoo mzee. Ndiyo yenyewe, na umegusa chimbuko la elimu yote hii. Ngozi ile ni selulosi, sukari ileile inayojenga mti, lakini imefumwa na bakteria wa siki. Wanaifuma ili wakae juu ya uso wa siki karibu na hewa, kwa sababu bila hewa hawawezi kugeuza pombe kuwa asidi. Moshe Benziman na wenzake huko Yerusalemu walikuwa wanatafuta ni nini kinachoamsha kimeng'enya cha kufuma selulosi hiyo, na mwaka 1987 wakaitangaza ile c-di-GMP ambayo Maabara_Kwanza ameitaja kwenye #4. Kwa miaka mingi ikadhaniwa ni jambo la bakteria wa siki tu. Baadaye jeni zikaanza kusomwa kwa wingi, ikaonekana bakteria wengi mno wana mitambo ya kuitengeneza na kuivunja, wa kipindupindu akiwemo, tena yeye anayo mingi.

#25 Mzee_wa_Siki
Marahaba. Basi siki yetu ina elimu ndani. Ahsante.

#26 NgojaWataalamu
Basi nimepata jibu: siki ni utando mwema, tuchanganye siki na jiki kwenye dumu, tumalize ubishi.

#27 Nesi_Zamu
USIFANYE HIVYO. Jiki ikikutana na siki, ndimu au asidi yoyote inatoa hewa ya klorini, inaunguza mapafu. Wanaletwa hospitali watu waliojifungia chooni wakichanganya dawa za usafi. Kimoja kwa wakati, suuza kabisa katikati. Msome vizuri na mwambie na binti wa kazi nyumbani.

#28 NgojaWataalamu
Nimekuelewa dada nesi, nafuta wazo.

#29 Taifodi_KilaMwezi
Hivi na taifodi inaingia humu? Nikienda kupima naambiwa ninayo, natibiwa, mwezi ukiisha naambiwa ninayo tena. Jirani anasema imejenga utando tumboni.

#30 Nesi_Zamu
Ndugu, kwanza uliza umepimwa kwa kipimo gani. Widali inaangalia kinga zako za mwili, na kinga zinabaki kwenye damu muda mrefu hata baada ya kupona, au hata kwa ugonjwa mwingine. Watu wengi mjini wanatibiwa taifodi wasiyokuwa nayo. Omba kuoteshwa damu.

Ila jirani yako hajatunga. Wako wachache wanaobeba Salmonella Typhi kwa miaka bila kuumwa, na maskani yake ni kwenye mfuko wa nyongo, hasa mwenye vijiwe. Vijiwe vile vinaota utando. Mary Mallon, mpishi wa New York, ndiye anayetajwa sana: aligunduliwa 1907, aliambukiza nyumba alizopikia, mwenyewe mzima. Alikufa 1938 akiwa bado ametengwa.

#31 Mtafiti_Ughaibuni
Nyongeza kwa Nesi: nyongo yenyewe, ambayo kwa kawaida inaua bakteria wengi, ndiyo inayomchochea Salmonella kujenga juu ya kijiwe. Ilionekana kwenye majaribio yaliyochapishwa 2002. Na yule aliyeko kwenye kijiwe, dawa ya siprofloksasini inampita bila kumuua.

Hapa nataka kumjibu mwenye uzi, maana dai la #1 lilikuwa "tatizo ni sukari". Iko sukari inayozuia utando. Aina fulani za E. koli wanaosababisha maambukizi ya mkojo wana kapsuli ambayo wanaiachia ndani ya maji yanayowazunguka. Mwaka 2006 kundi moja la Ufaransa lilionyesha kwamba kapsuli hiyo inazuia bakteria wengine wasinate, hata Staphylococcus ambaye si ndugu yake. Ina chaji nyingi, inazipaka nyuso zote mbili, zinasukumana. Pia kwa bakteria kadhaa, ukiwakata sukari ndefu za ngozi wananata zaidi, kwa sababu vinyweleo vilivyokuwa vimefunikwa vinafikia ukuta. Kwa hiyo usiulize ana sukari au hana. Uliza ni sukari ipi, ndefu kiasi gani, iko kwenye ngozi au imemwagwa nje, na maji yana chumvi gani.

#32 Maabara_Kwanza
Mimi nitampinga mtafiti kidogo, kwa heshima. Anaongea sana sukari na anaisahau DNA. Mwaka 2002 Whitchurch na wenzake walitia kimeng'enya kinachokata DNA kwenye utando mchanga wa Pseudomonas, utando ukayeyuka. DNA hiyo ilikuwa nje ya seli, sehemu ya ute. Kwa maoni yangu mwanzo wa utando ni DNA na vinyweleo, sukari inakuja kuimarisha.

#33 Mtafiti_Ughaibuni
Utando mchanga, ndiyo. Uliokomaa haukuyeyuka, kwenye kazi ileile. Na Pseudomonas huyohuyo, aina nyingi zake zisipokuwa na sukari iitwayo Psl hazishiki ukuta vizuri tangu dakika za mwanzo. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba bakteria anayetambaa juu ya kioo anaacha mkondo wa Psl nyuma yake, na wenzake wanavutwa kupita na kukaa palepale. Zaidi ya hapo, Psl ikimgusa jirani, kiwango cha c-di-GMP ndani ya jirani kinapanda naye anatoa Psl zaidi. Sukari imekuwa ishara. Tangu nisome hiyo, nimeacha kutenganisha "upande wa sukari" na "upande wa mawasiliano" kama vitu viwili.

#34 Maabara_Kwanza
Kwa Psl nakubali. Kwa Staphylococcus na wengine tutabishana hadi asubuhi.

#35 Mwani_Paje
Nami nichangie, nalima mwani. Niliwahi kusikia kwenye semina kwamba kuna mwani unaozuia bakteria wasielewane, usioota utando. Huu wetu mbona unaota uchafu tele hadi tunaupangusa kamba kwa kamba?

#36 Maabara_Kwanza
Huo ni mwani mwekundu wa Australia, Delisea pulchra. Unatengeneza kemikali zinazofanana na ishara za akidi na kuzivuruga, jambo lililoelezwa miaka ya 1990. Wenu ni mwekundu pia lakini ni jamii nyingine, mnauuza kwa ajili ya karajinani, yaani sukari ya ukuta wake. Halafu kuna mwani wa kahawia unaotoa aljineti, na Pseudomonas naye anatengeneza aljineti yake. Kwenye mapafu ya wagonjwa wa saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu makamasi mazito, anabadilika, anaanza kuimwaga bila breki, na hapo dawa zinagonga mwamba.

#37 Mwani_Paje
Kumbe sukari ya mwani na ya bakteria zinakutana. Shukrani.

#38 DumuLaNjano
Wakuu nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Sasa naomba la vitendo. Kesho nifanye nini na dumu?

#39 Nesi_Zamu
Bandua kwanza, dawa baadaye. Maji kidogo, sabuni, kokoto ndogo safi, tikisa sana pande zote pamoja na kwenye mpini ambako watu wanasahau. Mwaga, suuza. Ndipo utie maji ya klorini, uache nusu saa dumu likiwa limejaa hadi mdomoni, umwage, ulianike mdomo chini likauke kabisa. Kukauka kunasaidia mno. Usiongezee maji mapya juu ya mabaki ya zamani.

#40 Fundi_Mabomba
Kokoto hizo ndizo nilizosema zinachubua! Mnanirudia kwa mlango wa nyuma.

#41 Maabara_Kwanza
Fundi, hapo una hoja na sina jibu safi. Dumu lenye mdomo mwembamba linashauriwa kwa maji ya kunywa kwa sababu mkono na kata haviingii, uchafu wa mikono haufiki ndani. Mdomo huohuo ndio unaozuia brashi kuingia. Ukikwangua kwa kokoto unapunguza utando wa leo na unaongeza mikwaruzo ya kesho. Mimi nyumbani natumia ndoo yenye kifuniko na koki, naiosha kwa sifongo, na dumu linabaki la kubebea tu.

#42 Mchambuzi_Mtaa
Na walioona rangi ya kijani?

#43 Maabara_Kwanza
Hiyo ni mwani mdogo wa majini, unataka mwanga. Plastiki ya njano inapitisha jua. Weka kivulini. Na nisisitize, ute wa dumu lako siyo lazima uwe wa kipindupindu wala taifodi. Mara nyingi ni bakteria wa maji wasio na madhara makubwa. Shida ni kwamba wakishajenga, mwenye madhara akipita anapata pa kukaa.

#44 BintiKilifi
Mtafiti, kule Bangladesh walichuja kwa sari, sivyo? Kanga inafaa?

#45 Mtafiti_Ughaibuni
Ndiyo, kazi ya Rita Colwell na wenzake iliyochapishwa 2003. Sari kuukuu ikakunjwa angalau mara nne, kipindupindu kikapungua kwa asilimia 48 kwenye vijiji vile. Haichuji bakteria mmoja mmoja, ni mdogo mno. Inachuja wanyama wadogo mno wa majini ambao bakteria wamejenga utando juu ya maganda yao. Nguo iliyofuliwa sana ni bora kuliko mpya, nyuzi zimefumuka na matundu yamekuwa madogo. Kanga kuukuu ya pamba sioni kwa nini isisaidie kwa maji ya bwawa au ziwa, ila ifuliwe na kuanikwa juani, na klorini ifuate baada ya kuchuja.

#46 Mwana_Uvira
Hiyo ya kitambaa inafaa kwetu ziwani. Wamama watakubali.

#47 BintiKilifi
Basi nitajaribu mwenyewe: mtungi wa kisima na mtungi wa mvua, nione tofauti kwa utaratibu.

#48 Mtafiti_Ughaibuni
Vizuri. Vyombo vipya vya aina moja, kivuli kimoja, siku moja ya kujaza. Ongeza cha tatu: maji ya mvua yaliyolala kwenye jiwe safi la matumbawe. Kikifanana na cha kisima, kalsiamu inapata nguvu. Kisipofanana, tutatafuta kingine, huenda ni wadudu wa kisima chenyewe.

#49 Fundi_Mabomba
Na cha nne, cha mvua, ukiparuze ndani kwa msasa kabla ya kujaza. Mimi bado nipo hapa.